Kipaji cha mwanao si pensheni yako



Jumapili chache zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa usharika wetu alinisubiri nje ya kanisa wakati mnada wa mazao ukiendelea. Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa kidato cha pili, na mtoto alikuwa amebeba kikombe cha plastiki chenye rangi ya dhahabu. Alikuwa ameshinda mashindano ya sataranji ya shule kadhaa, ule mchezo ambao vijana wetu wanauita chesi.

“Mchungaji, tuombee,” mama akasema. “Baba yake anataka mtoto apunguze masomo apate muda wa mazoezi. Amesoma habari za yule kijana wa India. Anasema Mungu akijalia, ndani ya miaka mitano nyumba yetu itakuwa imeezekwa.”

Nilifanya kile ambacho sisi wachungaji hukifanya tukiwa na haraka. Nilimwekea mtoto mkono kichwani, nikaomba kwa dakika moja, nikamwita Daudi wetu mdogo, watu waliokuwa karibu wakapiga makofi. Kisha nikaenda kununua trei ya mayai mnadani. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sauti ya yule mtoto sikuisikia kabisa, isipokuwa “Shikamoo, Mchungaji” ya mwanzoni. Tulizungumza juu ya maisha yake, juu ya shule yake na mpaka juu ya bati la nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza neno.

Jambo hilo limenikaa moyoni, na leo naomba tulitazame pamoja. Maana kikombe kile kingeweza kuwa cha mpira, au cheti cha uimbaji wa kwaya, au matokeo mazuri ya hesabu. Swali lingebaki lile lile: Mungu akimpa mtoto wako kipaji, amempa nani?

Tuanze na huyo kijana wa India, kwa sababu baba wengi wamemsikia. Anaitwa Gukesh, ni mtu wa Chennai. Tarehe 12 Desemba 2024, huko Singapore, alimshinda Ding Liren wa China akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18, mdogo kuliko wote waliowahi kulitwaa taji hilo bila ubishi. Ni kweli kwamba aliacha kwenda shule kila siku baada ya darasa la nne. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia kusoma. Lakini endelea kidogo. Baba yake ni daktari bingwa wa upasuaji wa masikio, pua na koo, na ndiye aliyesimamisha kazi yake ili asafiri na mtoto kutoka shindano hadi shindano, huku mama, mtaalamu wa vijidudu vya maradhi, akibaki kuitunza nyumba kwa mshahara wake. Katika nyumba ile wazazi ndio waliojitoa kwa ajili ya mtoto. Hawakumtwisha mtoto mzigo wa kuwalisha. Na ukiniuliza mimi, hata hivyo ulikuwa uamuzi wa hatari sana, ambao nisingemshauri mtu yeyote auige kwa sababu tu umemfaa mmoja. Watoto walioacha shule kwa ajili ya mchezo na wasifike popote hawaandikwi magazetini.

Lakini kijana ninayetaka tukae naye leo ni mwingine, na ni ndugu yetu katika imani. Anaitwa Wesley So.

Alizaliwa mwaka 1993 huko Bacoor, mji ulio kusini mwa Manila nchini Ufilipino. Alijifunza sataranji akiwa mdogo, na mwaka 2007, akiwa na miaka 14 tu, akapata cheo cha grandmasta, ambacho ndicho cha juu kabisa katika mchezo huo. Wazazi wake walipohamia Kanada kutafuta maisha, yeye alibaki Ufilipino kwa ajili ya mchezo, bado kijana mdogo. Ninyi mliowahi kuacha watoto kijijini mkaenda mjini, au mliowahi kuachwa, mnajua hali hiyo bila mimi kuieleza.

Mwaka 2012 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Webster, mjini St. Louis, ambacho kilikuwa kikitoa ufadhili kwa wachezaji hodari wa sataranji. Mwaka uliofuata aliiletea nchi yake medali ya dhahabu katika michezo ya vyuo vikuu vya dunia iliyofanyika Kazan, Urusi. Wachezaji wengi wa kwao walikuwa wakipewa zawadi ya fedha kwa medali za namna hiyo. Yeye aliambiwa kwamba michezo ile haimo katika orodha inayostahili zawadi. Hakupata kitu. Mwaka 2014 akahamisha uwakilishi wake, akaanza kucheza chini ya bendera ya Marekani.

Sisemi haya ili tuwahukumu Wafilipino. Nchi zetu pia zinajua kumpokea mshindi uwanja wa ndege kwa ngoma na maua, kisha wiki mbili baadaye simu yake haipokelewi.

Basi fikiria kijana wa miaka 20, yuko mbali na kwao, ana kipaji ambacho kila mtu anakijua, na yuko katika njia panda. Chuo kinampa chakula, kitanda na elimu. Mchezo unamwita, lakini mchezo hauna mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa wakati ule familia moja ya Kikristo katika jimbo la Minnesota, yenye asili ya Ufilipino, ilikuwa imeanza kumkaribisha nyumbani kwake. Mama wa nyumba ile, kwa jinsi habari ilivyosimuliwa mara nyingi, alimuuliza swali dogo: yeye mwenyewe angependa kufanya nini? Akajibu kwamba angependa kucheza sataranji, ila hakuamini kwamba angeweza kufika mbali, wala hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Ona jambo hili, mpendwa. Alikuwa grandmasta tangu miaka 14. Makocha walimjua na vyama viwili vya nchi vilimjua. Lakini swali la “wewe unataka nini” lilimfikia mezani kwa watu ambao hawakumzaa, tena wasiokuwa na nyumba ya kuezekwa kwa fedha zake.

Oktoba 2014 alikwenda Las Vegas kwenye shindano lenye zawadi nono kuliko ilivyozoeleka katika mchezo huo. Katika fainali akakutana na Ray Robson, mwanafunzi mwenzake wa Webster, akamshinda, akaondoka na dola 100,000. Kwa thamani ya shilingi yetu ya wakati ule ni zaidi ya milioni 160. Baada ya hapo akaacha chuo, akahamia kwa familia ile ya Minnesota, akawa mchezaji wa kulipwa.

Najua baba mmoja anayesoma hapa ameshaanza kutabasamu. Subiri, ndugu yangu. Kijana huyu hakuacha chuo kwa sababu ya kikombe cha plastiki. Wakati anafanya uamuzi ule alikuwa tayari miongoni mwa wachezaji bora wa dunia nzima, na mwanzoni mwa 2015 alikuwa ameingia kumi bora. Tena alikuwa mtu mzima anayeamua mwenyewe. Mtu akija kwangu na mtoto wa kidato cha pili aliyeshinda shule sita za jirani, nitamwambia mtoto amalize kidato cha nne kwanza, acheze Jumamosi na likizo, na tumshukuru Mungu kwa yote mawili. Hilo si kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Liko katika Luka 14, na ajabu ni kwamba sisi wahubiri hulisoma siku ya harambee ya jengo la kanisa tu.

Miezi sita baada ya kuacha chuo, jambo likaharibika mbele ya macho ya watu.

Ilikuwa Aprili 2015, mashindano ya ubingwa wa Marekani, mjini St. Louis. Wesley alikuwa na tabia ya kujiandikia maneno mafupi kwenye karatasi wakati wa kucheza: tulia, hakiki tena, tumia muda wako. Hayakuwa mbinu za kumshinda mtu. Yalikuwa maneno ya kujitia moyo. Lakini sheria ya sataranji inakataza kuandika chochote pembeni ya kumbukumbu ya mchezo wenyewe, na mwamuzi alikuwa ameshamwonya mara mbili. Katika raundi ya tisa, dhidi ya Varuzhan Akobian, akaandika tena. Mchezo ulikuwa na hatua sita tu. Mwamuzi akausimamisha, akampa Akobian ushindi. Habari ikasambaa duniani, wengine wakicheka, wengine wakimwita mdanganyifu. Katika siku zile zile mvutano wa kifamilia ulikuwa umemfuata mpaka pale mashindanoni, na ulijulikana wazi. Sitauingia, kwa sababu machozi ya nyumba ya mtu si mali ya safu hii.

Mimi nilipoisoma habari ile mara ya kwanza, nilisema sheria ni sheria. Na bado nasema hivyo. Alionywa mara mbili, hakusikia, akaadhibiwa kwa haki. Lakini siku hizi naiona pia ile karatasi. Kijana wa miaka 21 anajiandikia mwenyewe maneno ambayo mtoto hutazamia kuyasikia kwa mzazi wake. Tulia. Usiogope. Tazama tena. Ni watoto wangapi katika makanisa yetu wanajiandikia karatasi za namna hiyo, ila sisi hatuzioni kwa kuwa tunatazama kikombe?

Familia ile ya Minnesota haikumfukuza. Hilo ndilo lililonifanya niichague habari hii. Dola 100,000 zilipokuja walikuwapo, na aibu ilipokuja walikuwapo. Alimaliza mashindano yale akiwa wa tatu, akarudi nyumbani, akaendelea kufanya kazi. Mwaka 2016 akashinda Sinquefield Cup mjini St. Louis, akawa katika timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji huko Baku, na Desemba akashinda London Chess Classic. Januari 2017 akashinda Wijk aan Zee kule Uholanzi. Aprili ile ile ya 2017 akarudi katika mashindano yale yale ya ubingwa wa Marekani, mji ule ule, akawa bingwa. Kwa muda akashika nafasi ya pili duniani.

Mwaka 2019, karibu na Oslo, akamshinda Magnus Carlsen, mfalme wa zama hizi, katika fainali ya kwanza rasmi ya dunia ya aina ya sataranji ambayo vipande vya mstari wa nyuma hupangwa kwa kura kabla ya mchezo, hivyo mazoea na kukariri havisaidii. Matokeo yalikuwa pointi 13.5 kwa 2.5. Wajuzi walibaki midomo wazi.

Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa ukimya. Machi 2018 alicheza Berlin katika mashindano ya watu wanane ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Alipoteza michezo miwili ya kwanza na akamaliza karibu na mkia. Taji kubwa la dunia hajalipata. Na yeye mwenyewe, alipoandika ushuhuda wake katika jarida moja la Kikristo la Marekani, alisema kwamba watu humuuliza kama Mungu ndiye humfanya ashinde, naye huwajibu kuwa ndiyo, na wakati mwingine Mungu humfanya ashindwe pia.

Jibu hilo nimelitafuta katika shuhuda zetu za Jumapili na sijalipata. Sisi tunasimamisha mtoto mbele siku ya kushinda. Siku ya kushindwa anakaa kiti cha nyuma na mama yake anasema ana mafua.

Sasa tufungue Biblia. Mathayo 25 sote tunaijua, na neno letu “talanta”, tunapolitumia kwa maana ya kipaji, limetoka humo. Lakini katika mfano ule talanta ni fedha, mzigo mkubwa wa fedha, na ni mali ya bwana aliyesafiri. Watumwa walikabidhiwa tu. Tumehubiri miaka mingi dhidi ya yule aliyefukia yake ardhini, na ni sawa. Ila kuna mtu ambaye mfano haumtaji kwa sababu pengine hakuna aliyedhani angetokea: mtumwa anayechukua talanta aliyokabidhiwa mwenzake na kuipigia hesabu zake mwenyewe. Baba anayesema “kipaji cha huyu ndicho kitakachonitoa” anaingia katika hesabu ambazo bwana hajamwandikia.

Nisikilize vizuri, maana sitaki vijana waikate makala hii wawaonyeshe wazazi kwa kiburi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama ipo, na Yesu aliwakemea vikali, katika Marko 7, wale waliotumia dini kukwepa kuwatunza wazazi. Mtoto aliyefanikiwa awakumbuke waliomlea, asipowakumbuka amekosa. Lakini shukrani ya mtoto mzima aliyelelewa kwa upendo ni kitu kimoja, na mtoto wa miaka 14 kuambiwa kwamba paa la nyumba linategemea mkono wake ni kitu kingine kabisa. Cha kwanza ni matunda. Cha pili ni kodi, na inatozwa kabla ya mavuno.

Mzazi ambaye mimi hujifunza kwake ni Hana. Alimwomba Mungu mtoto kwa machozi mpaka kuhani akadhani amelewa. Alipompata, alimtoa Samweli kwa Bwana angali mdogo. Tukifika hapo kwa kawaida tunasema amina na kufunga kitabu. Lakini 1 Samweli 2:19 inaongeza jambo dogo ambalo mwanamume pengine asingelikumbuka: kila mwaka mama yule alimshonea mtoto kanzu ndogo, akampelekea alipopanda kwenda kutoa dhabihu. Fikiria kazi hiyo. Mtoto hakai naye. Kila mwaka amekua kwa kipimo asichokijua, naye anakaa na kitambaa akikisia mabega yake yamefika wapi. Hakumpelekea orodha ya mahitaji ya nyumbani. Alimpelekea nguo inayomtosha jinsi alivyo sasa.

Na makanisa je? Hapa tuna habari ya jirani zetu wa Uganda ambayo wengi mmeiona katika filamu ya mwaka 2016, Lupita Nyong’o akiigiza kama mama. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Baba alifariki angali mdogo, mama akiuza mboga, ada ya shule ikakosekana. Siku moja alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende, kijana aliyefanya kazi na huduma ya Kikristo ya michezo, alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Yeye alikwenda kwa ajili ya uji. Kutoka kwenye kikombe kile cha uji alifika Olimpiadi ya sataranji ya 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na ya 2012 mjini Istanbul.

Ulimwengu ulimtaka abaki “Malkia wa Katwe” milele. Yeye akachagua chuo kikuu, Northwest, chuo cha Kikristo katika jimbo la Washington, akahitimu mwaka 2021. Kwa maneno mengine, Wesley aliacha chuo akaenda kwenye ubao, na Phiona akaacha safari za ubao akaenda chuoni. Wahubiri wanaopenda kanuni moja kwa watu wote watapata shida na watoto hawa wawili. Mimi naona wote wawili walikuwa sawa, na sababu ni kwamba palikuwa na watu waliokuwa tayari kuwa nao kwa njia yoyote ambayo wangeichukua. Katende alianza na uji. Hakujua kama kuna bingwa katika foleni ile. Aligawa kwa wote.

Usharika wetu una ukumbi ambao unafungwa kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Kuna wazee walioniambia kwamba sataranji ni ndugu wa kamari. Niliwajibu kwa heshima kwamba kamari ni fedha iliyowekwa mezani, na ubao wa miraba 64 usiowekewa fedha hauna dhambi kuliko gazeti hili. Mzee mmoja alicheka. Wengine hawakucheka, na mjadala wetu unaendelea.

Nimalizie habari ya yule mtoto, kwa sababu wengine mtaniuliza kanisani.

Niliwaendea nyumbani jioni moja. Baba alinikaribisha vizuri, tukanywa chai. Ni mtu wa bidii, fundi, na nyumba yake kweli imesimama kwenye linta mwaka wa tatu. Si mlafi. Amechoka tu, na aliona mlango. Nilimwomba radhi kwanza mimi, kwa kumwita mtoto wake Daudi hadharani bila kufikiri. Kisha nikaomba ruhusa nimuulize mtoto swali mbele yake.

“Mwanangu, wewe mwenyewe unapenda nini katika mchezo huu?”

Alinyamaza muda mrefu mpaka mama akataka kumjibia. Baba akamzuia kwa mkono. Hapo nilimheshimu baba yule.

“Napenda pale mtu anaponishinda halafu tunarudia kuangalia nilikosea wapi,” akasema. “Ila sipendi baba anapopiga simu kuuliza kama wametoa hela.”

Baba alitazama chini. Hakukasirika. Baada ya muda akasema, “Basi sitapiga.” Hatukuamua kitu kingine jioni ile. Masomo yanaendelea, mtihani wa kidato cha pili uko mbele, na suala la mazoezi wamelisogeza mpaka likizo.

Jumamosi iliyopita nilipita ukumbini kuchukua vitabu vya sakramenti. Mzee yule aliyecheka alikuwa amewafungulia. Walikuwa watoto saba na ubao mmoja, na mtoto wetu akiwafundisha wadogo jinsi farasi anavyoruka. Askofu mmoja mweusi amepotea, kwa hiyo wanatumia kifuniko cha soda. Waliniuliza kama nimekasirika kwa askofu kuwa kifuniko. Nikawaambia hapana, nikakaa kwenye benchi, na katika hatua kumi na tano hivi mtoto wa darasa la tano akanifunga.